Herufi ya Kigothi Kibera na Kawangware: Umbo la Mwandiko kama Sehemu ya Matini

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya mitaani umejijengea desturi moja ambayo haijahojiwa vya kutosha. Mhakiki hukusanya misemo iliyoandikwa kwenye matatu, kwenye kuta na kwenye milango ya vibanda, huinakili daftarini, kisha huichapisha kama orodha. Katika orodha hiyo kila msemo huwa umevikwa herufi moja, nayo ni ile ya kitabu cha mhakiki mwenyewe. Uchambuzi unaofuata huhusu maana ya maneno, asili ya methali iliyogeuzwa, au namna Sheng inavyochanganya lugha. Umbo la herufi zilizobeba maneno hayo huachwa lilikotoka, kana kwamba ni vumbi lililokung'utwa kabla ya matini kuingizwa maktabani.

Makala haya yanapinga desturi hiyo kwa kuchunguza aina moja tu ya mwandiko, yaani herufi za Kigothi: zile herufi nzito, nyeusi, zenye ncha kali na mistari iliyosongamana, ambazo wachapaji na wachoraji wa Nairobi wengi huzijua kwa jina la fonti ya Old English. Mitaa iliyochaguliwa ni Kibera na Kawangware. Inadaiwa hapa kwamba katika mitaa hii herufi ya Kigothi si pambo la juu ya maneno, bali ni usemi kamili unaotangulia maneno. Inadaiwa pia kwamba usemi huo hauwezi kueleweka pasipo kuangalia mambo mawili kwa pamoja: mahali herufi hiyo inapotumika, na mahali isipothubutu kukanyaga.

2. Umbo na usomekaji

Herufi ya Kigothi ni mtoto wa kalamu iliyochongwa bapa. Waandishi wa Ulaya wa Zama za Kati walitumia unyoya wa ndege uliokatwa ncha pana. Mstari ulioshuka wima ulikuwa mnene, na ule uliokwenda kwa mshazari ulikuwa mwembamba. Aina iliyokolea zaidi iliitwa tekstura, neno la Kilatini lenye maana ya ufumaji, kwa sababu ukurasa wake ulifanana na kitambaa: nafasi iliyo ndani ya herufi ilikaribia kulingana na nafasi iliyo baina ya herufi na jirani yake. Hiyo ndiyo herufi ambayo Gutenberg aliiga alipochapa Biblia yake mjini Mainz mnamo miaka ya 1450.

Ufumaji huo una gharama yake. Herufi i, n, m na u zote hujengwa kwa fimbo moja fupi inayorudiwa mara moja, mbili au tatu. Kiswahili, lugha yenye viambishi vingi vya m-, u-, ni- na mu-, hukutana na tatizo hili uso kwa uso. Neno muumini likiandikwa kwa tekstura huwa safu ya fimbo kumi na nne zilizo sawa, na kinachomsaidia msomaji ni nukta mbili tu zilizo juu ya i. (Nukta yenyewe ilitokana na alama ndogo ambayo waandishi wa kale waliiongeza ili kupambanua i miongoni mwa fimbo jirani.) Majina ya mitaa inayohusika nayo hayalingani. Kibera ni jina fupi lenye b iliyosimama katikati kama mlingoti, na jicho hulitambua upesi. Kawangware ina herufi kumi. Baada ya K ya mwanzo hakuna hata moja inayopanda juu, na g peke yake ndiyo inayoshuka chini. Ikiandikwa kwa Kigothi huwa ukuta wa fito.

Tatizo huzidi pale herufi kubwa zinapoandikwa mfululizo. Herufi kubwa ya Kigothi iliundwa isimame peke yake mwanzoni mwa neno, na ndiyo maana ilijazwa mikunjo na mistari ya ndani. Zikiwekwa sita au saba pamoja, hazisomeki ila kwa anayelijua neno tayari. Vitabu vya uchapaji hulihesabu jambo hili kuwa kosa. Hata hivyo, ndivyo herufi hizi zinavyoonekana mara nyingi nyuma ya matatu na kwenye fulana za vijana: kubwa tupu, pengine zimepindwa mithili ya tao.

Mhakiki anayeliita jambo hilo kosa anasimama, kwa kujua au kutojua, upande wa Beatrice Warde, ambaye katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1930 jijini London aliifananisha chapa njema na bilauri ya kioo kisicho na rangi: thamani yake ni kuonyesha kinywaji bila yenyewe kuonekana. Hoja ya Warde inafaa kwa kitabu, ambacho msomaji hukaa nacho saa nyingi. Haifai kwa maandishi yanayopita barabarani kwa sekunde tatu. Huko herufi ya Kigothi haikusudii kuonyesha kinywaji; inakusudia watu waione bilauri. Kwa lugha ya ushairi wa Kiswahili, ni fumbo la macho. Kama lilivyo fumbo la maneno, huigawa hadhira yake mara mbili, kati ya anayeligangua na anayebaki akilitazama.

3. Historia ya mamlaka

Herufi hii haikufika Nairobi mikono mitupu. Nchini Uingereza toleo la kwanza la Biblia ya Mfalme James, mwaka 1611, lilichapwa kwa herufi za Kigothi. Sheria za nchi hiyo nazo zilichapwa hivyo kwa muda mrefu, kiasi kwamba mpaka leo wanasheria wa mapokeo ya Kiingereza, Wakenya wakiwamo, husema juu ya sheria ya herufi nyeusi wanapotaja kanuni isiyobishaniwa. Herufi ya kawaida ya Kirumi ilipotwaa kurasa za ndani, ile ya Kigothi ilirudi nyuma ikabaki kwenye paji la uso wa maandishi: majina ya magazeti kama The Daily Telegraph na The New York Times, vyeti vya shule na vyuo, kadi za arusi, majalada ya Biblia. Iliacha kusomwa kurasa kwa kurasa, na kwa sababu hiyo hasa ikabaki ishara ya ukale na uhalali.

Afrika Mashariki iliwahi kukutana nayo kwa njia nyingine. Katika koloni la Wajerumani, gazeti la walowezi la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, lilitumia fraktura, tawi la Kijerumani la herufi za Kigothi. Lakini kwa mujibu wa kanuni ya wachapaji wa Kijerumani, fraktura ilikuwa ya Kijerumani. Maneno ya lugha za kigeni yaliwekwa katika herufi za Kirumi. Kiswahili kilichochapwa chini ya utawala huo, kama katika gazeti la Kiongozi lililotolewa Tanga, kilivaa Kirumi. Kwa hiyo herufi ya Kigothi ilikuwa mpaka: upande mmoja lugha ya mtawala, upande wa pili lugha ya mtawaliwa. Isitoshe, tarehe 3 Januari 1941 serikali ya Hitler, kwa waraka uliotiwa sahihi na Martin Bormann, iliipiga marufuku herufi hiyohiyo kwa madai ya uongo kwamba asili yake ni ya Kiyahudi. Hilo latosha kuonyesha kwamba maana ya herufi haimo katika mistari yake, bali katika mikono inayoigombania.

Ugombaniaji huo uliendelea Marekani. Jijini Los Angeles vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko waliitumia kuandikia ukutani majina ya mitaa yao, na msanii Chaz Bojórquez akauingiza mwandiko huo katika sanaa inayotambuliwa na majumba ya makumbusho. Kutoka jiji hilo herufi ikaingia katika kofia, fulana, chanjo za mwilini na majalada ya muziki wa rapu, na kwa njia hiyo ikasafiri hadi Nairobi. Hivyo basi, herufi ya Kigothi iliyopo Kibera na Kawangware ina ukoo wa pande mbili: upande wa cheti na upande wa ukuta. Swali la uhakiki ni iwapo pande hizo zinapingana.

4. Inapokaa na isipokaa

Upande wa cheti ni rahisi kuuona. Katika saiba na maduka ya chapa ya mitaa hii, herufi ya Kigothi huvaliwa na cheti cha kuhitimu chekechea, cheti cha mafunzo ya ususi au kompyuta, kadi ya mwaliko wa arusi, jalada la wasifu wa marehemu unaogawiwa mazishini, na wakati mwingine jina la kanisa. Upande wa ukuta nao uko wazi: nyuma ya matatu, vioo vyake vya pembeni, kuta za vinyozi zilizochorwa nyuso za wanamuziki, fulana, mikono yenye chanjo.

Orodha ya mahali isipokaa haijapata kuandikwa, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Bei ya chapati haiandikwi kwa Kigothi. Wala bei ya mtungi wa maji, wala mshale unaoelekeza chooni, wala onyo kwa anayetaka kujisaidia ukutani, wala tangazo la kwamba shamba fulani haliuzwi. Haya yote huandikwa kwa herufi kubwa za wazi, aghalabu kwa brashi moja na rangi moja. Ni maandishi yanayohitaji kutiiwa au kulipiwa papo hapo, nayo hayawezi kumudu fumbo. Kanga inafuata kanuni iyo hiyo. Tangu jina la kanga lilipotoka katika hati ya Kiarabu likaingia katika ya Kirumi, limechapwa kwa herufi kubwa zisizo na madoido, maana kijembe kisichosomeka hakimchomi mtu. Fumbo la kanga limo katika maneno, na herufi hubaki wazi. Matatu yenye Kigothi hufanya kinyume: maneno yanaweza kuwa jina tu la mwanamuziki, na fumbo likawa katika herufi.

Mfano wenye uzito zaidi ni ule wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Msanii wa Kibera Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, aliandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, mabati na barabara za mtaa huo. Aliyaandika kwa herufi kubwa za kawaida zilizo wazi. Maneno yaliyokusudiwa kuzuia mkono wenye kiberiti yalipaswa kusomwa na kila mtu, kwa mbali, na mara moja. Hakuna hapo hadhira ya kugawanywa kati ya wajuao na wasiojua.

Upande wa pili wa mizani iko alama ya X ya rangi nyekundu ambayo hupakwa kwenye majengo ya Nairobi yanayongoja kubomolewa. Mnamo Julai 2018 maelfu ya wakazi wa Kibera walipoteza makao ili barabara ipite. Dola, inapotaka kuonyesha nguvu yake halisi, haihitaji unyoya wala tekstura. Inahitaji mistari miwili inayokatana. Jambo hili linapindua matarajio. Ingefikiriwa kwamba herufi ya sheria na mfalme ingetumiwa na wenye sheria, ilhali mitaani hutumiwa zaidi na wale ambao sheria huwafikia kwa sura ya X.

Historia ya umiliki inalifafanua hilo. Kibera ilianza kama makao ya askari wa Kinubi na jamaa zao mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi hiyo ikatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Ilibidi Wanubi wangoje hadi mwaka 2017 kupewa hatimiliki ya jumuiya ya ekari 288. Kawangware, katika eneo la Dagoretti, ina ardhi nyingi yenye wenyewe, lakini wakazi wake wengi ni wapangaji. Katika mitaa yote miwili karatasi yenye kuthibitisha ni kitu kinachosubiriwa, kinachotafutwa, au kilichomo kabatini mwa mtu mwingine. Herufi inayofanana na karatasi hiyo basi hubeba shauku ambayo haiwezi kubebwa na herufi nyingine yoyote.

5. Gari moja, matini mbili

Hapa ndipo matatu inapostahili kusomwa upya. Kanuni za usalama zilizofungamanishwa na jina la John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Ziliagiza mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, na michoro mingi ikafutwa. Baadaye michoro ilirejea, hasa baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuiunga mkono hadharani mwaka 2014. Matokeo ni gari lenye matini mbili juu ya bati moja. Ya kwanza ni ya sheria: njia, idadi ya abiria, uzito wa gari, yote kwa herufi za wazi. Ya pili ni ya wenye gari: jina, sifa, tishio au dua, na hiyo ndiyo inayoweza kuvaa Kigothi.

Namba ya njia nayo imo upande wa wazi. Anayengoja kwenda Kawangware hutafuta 46, na wa Kibera hutafuta 8. Tarakimu hizo haziwezi kufanywa fumbo, kwani abiria asiyeiona namba ni nauli iliyopotea. Lakini tarakimu ya wazi nayo yaweza kupanda cheo ikawa jina: mwanarapu Octopizzo, mzaliwa wa Kibera, alilijenga jina lake la kisanii juu ya nane hiyo. Utukufu, kwa hiyo, una njia zaidi ya moja. Upo unaotokana na umbo la herufi, na upo unaotokana na matumizi ya kila siku.

Jaribio dogo la ubadilishaji litaonyesha kinachodaiwa. Yachukuliwe maneno ya kawaida kama Mungu Mbele. Yakiandikwa kwa herufi kubwa za wazi juu ya kioo cha mbele, ni dua ya dereva. Yakiandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha ulio laini, hukaribia kadi ya salamu. Yakiandikwa kwa Kigothi kizito nyuma ya gari, hugeuka kuwa hati: gari linajitangaza kuwa limepewa idhini na mamlaka iliyo juu kuliko askari wa barabarani. Maneno ni yale yale mawili. Tendo la usemi limebadilika. Mhakiki anayenakili Mungu Mbele daftarini mara tatu atakuwa na marudio matatu. Aliyeangalia herufi atakuwa na matini tatu.

Kwa mtazamo huu pande mbili za ukoo wa herufi hazipingani. Mama anayechagua Kigothi kwa cheti cha chekechea cha mwanawe na kijana anayekichagua kwa mgongo wa matatu wanaomba kitu kimoja: kutambuliwa na mamlaka ambayo haijawatambua. Tofauti ni kwamba mama anaiomba mamlaka iliyopo, na kijana anaigiza ya kwake. Ukaidi wa herufi ya ukutani una nguvu kwa sababu tu herufi ya cheti inaheshimiwa. Siku cheti kitakapoacha kuandikwa hivyo, mgongo wa matatu nao utapoteza kitisho chake.

6. Pingamizi

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba yote haya ni matokeo ya upatikanaji: Old English Text huja na programu za Microsoft Office, mashine ya kukata stika hutii chochote kilichomo katika kompyuta, na mchoraji huiga anachokiona. Ni kweli kwamba upatikanaji hueleza kwa nini herufi ipo. Hauelezi kwa nini haipo penginepo. Orodha ile ile ya fonti iko mbele ya anayechapa bei na mbele ya anayechapa wasifu wa marehemu, na kompyuta ni moja. Wa kwanza huipita, wa pili husimama. Uteuzi unaorudiwa na watu wasiofahamiana, bila amri ya yeyote, ni kaida, na kaida ni mali halali ya uhakiki.

Pingamizi la pili ni la kinadharia: kwamba herufi ni jambo la usanifu, si la fasihi. Jibu lake limo ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Mgogoro wa ushairi huru, uliopamba moto baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, ulihusu pia sura ya shairi juu ya karatasi. Kithaka wa Mberia, katika Mchezo wa Karata ya mwaka 1997, aliyapanga maneno ukurasani ili mpangilio wenyewe uwe na maana, na wahakiki wakaukubali mpangilio huo kuwa sehemu ya fani. Na katika msikiti wa Makina, Kibera, kama katika milango ya kale ya Lamu na Unguja, hakuna anayesema kwamba khati ya Kiarabu ni chombo tu cha kubebea maneno. Khati hiyo nayo ilizaliwa na kalamu ya tete iliyokatwa bapa, binamu wa ule unyoya wa Ulaya. Kinachokubaliwa kwa mshairi na kwa msikiti hakiwezi kunyimwa matatu kwa sababu tu mwandishi wake hana jina.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba herufi ya Kigothi, ambayo kwa umbo lake huzuia usomaji, hutumika Kibera na Kawangware pale ambapo kutambuliwa kunatangulia kusomwa. Kwamba huepukwa pale penye bei, onyo au ombi la uhai. Na kwamba cheti na ukuta huitumia kwa shauku moja. Yafuatayo yanawahusu wakusanyaji. Mkusanyo wa misemo ya mitaani usioeleza herufi, ukubwa, rangi na mahali pa kila msemo ni nusu ya ushahidi, na hali ya vitu vyenyewe haimsubiri mtafiti. Matatu hupakwa rangi upya, mabati hung'olewa, na mtaa hupigwa X. Maneno yaweza kukumbukwa na wakazi hata baada ya ukuta kuanguka. Namna yalivyoandikwa haikumbukwi na mtu, nayo ndiyo iliyosema nani alitaka kusikika kama nani.